Maneno kwa Aendaye Nchi ya Watu Wachache

Katika nchi zetu hizi msafiri hakuzoea kukosa watu. Ukitoka Moshi kwenda Marangu, au ukishuka Lushoto kwenda Mombo, haipiti robo saa bila kumwona mwanamke na mzigo wake wa kuni, au mtoto achungaye mbuzi, au mzee aliyeketi kivulini. Ukipotea njia, wauliza; ukishikwa na kiu, wapewa maji; na motokaa ikiharibika, kabla hujashuka chini wamekwisha fika vijana kumi wa kuisukuma. Kwa hiyo tufanyapo safari twafungasha nguo na chakula, lakini watu hatuwafungashi, maana twajua tutawakuta njiani. Leo nataka kuwaarifu habari za nchi ambayo desturi hii haimfai msafiri, nayo ni jimbo la Wyoming, katika milima ya magharibi ya Marekani.

Sababu ya kuandika ni hii. Mama mmoja wa kijiji chetu alinijia shuleni, kwa kuwa mwanawe amepata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Wyoming, kilicho katika mji wa Laramie. Alikuwa amesikia ya kwamba mimi nilikaa katika mji ule miezi kadha, mgeni wa walimu wenzangu. Hakuniuliza habari ya baridi, wala ya fedha, wala ya masomo. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, nimeambiwa huko hakuna watu. Mwanangu akiugua usiku, nani atajua?" Sikuliona swali lile kuwa dogo. Wazee walisema mtu ni watu. Basi mahali pasipo watu, mtu huwa nini? Ninayoandika hapa ndiyo majibu yangu, nami nawapa wote wenye kijana aendaye mbali, au wenye nia ya kwenda wenyewe.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mipaka ya Wyoming imenyoka pande zote nne, kama ukurasa wa daftari. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 253,000, yaani wapita kidogo robo ya Tanzania. Lakini watu waliohesabiwa mwaka 2020 walikuwa 576,851 tu, nao ndio wachache kuliko watu wa jimbo lo lote la Marekani. Mkoa wa Kilimanjaro peke yake, ambao waweza kuingia ndani ya Wyoming mara kumi na tisa, ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2022. Mji mkuu wa Wyoming ni Cheyenne, nao ndio mkubwa kuliko yote; lakini watu wake ni kama 65,000 tu. Kutoka mji hata mji waweza kwenda saa nzima usione ila majani makavu, ua wa waya, na ng'ombe walio mbali kama mbegu zilizomwagika.

Tena nchi hii iko juu. Kwa wastani ardhi yake yainuka yapata mita 2,000 kupita bahari. Mlima ulio mrefu kuliko yote, uitwao Gannett, wafika mita 4,200 na kidogo. Na mlima Grand Teton, ambao uzuri wake hauelezeki kwa urahisi, ni mita 4,199. Kilimanjaro chetu chenye mita 5,895 chawapita wote wawili. Lakini Kilimanjaro husimama peke yake, na huko milima imepangana safu kwa safu. Juu ya safu hizo maji hugawanyika. Yaangukayo upande mmoja huufuata mto Snake mpaka mto Columbia na Bahari ya Pasifiki. Yaangukayo upande wa pili huenda mto Missouri, na Mississippi, hata Ghuba ya Meksiko. Tena iko sehemu moja katikati ambayo maji yake hayaendi bahari yo yote, ila hukauka pale pale.

Sasa nieleze namna ya kufika. Kabla ya kununua tikiti, yakupasa kupata ruhusa ya kuingia Marekani. Na kwa kuwa sheria zake hubadilika mara kwa mara, waulizeni watu wa ubalozi wenyewe, wala msimsikilize mtu wa mtaani asemaye ya kuwa anajua njia ya mkato. Kuuliza si ujinga. Wasafiri wengi hushuka kwa eropleni katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, na kutoka hapo Cheyenne ni kama kilomita 160 kwa barabara. Waendao upande wa milima ya Teton hushuka Jackson, na kiwanja chake kimo ndani ya hifadhi ya taifa yenyewe.

Jambo moja lilinishangaza sana. Miji ya kusini, yaani Cheyenne, Laramie, Rawlins, Rock Springs na Evanston, ilizaliwa na reli. Wajenzi wa reli ya Union Pacific walipita hapo miaka ya 1867 na 1868, na kila walipotua, mji ukaota. Hata hivyo tangu mwaka 1997 hakuna gari la moshi lichukualo abiria katika Wyoming. Magari ya mizigo hupita usiku na mchana, marefu hata huoni mwisho wake, lakini abiria hana kiti. Mabasi nayo ni machache. Basi, asiye na motokaa sharti apange safari yake na mwenye motokaa. Na mwenye kuendesha akumbuke ya kuwa huko watu hushika upande wa kuume wa njia, na mawe ya barabarani huhesabu maili, si kilomita. Kutoka Cheyenne hata hifadhi ya Yellowstone ni safari ya siku nzima. Mtangi ukifika nusu, ujaze, wala usingoje mji wa mbele.

Majira mazuri kwa mgeni ni kutoka Juni hata Septemba. Katika mwezi wa Julai watu hukusanyika Cheyenne kwa sikukuu kubwa ya wachunga ng'ombe na farasi, iliyoanza mwaka 1897. Asiyeagiza chumba mapema hapati pa kulala. Lakini hata wakati wa joto, theluji yaweza kuanguka milimani. Na majira ya baridi ni habari nyingine kabisa. Upepo wa nchi ile hausimulikiki. Wamejenga kuta za mbao kando ya barabara, maili kwa maili, si kwa kuzuia ng'ombe, bali kwa kuzuia theluji isiyopeperushwa ikafunika njia. Barabara kuu iendayo magharibi, hasa kati ya Laramie na Rawlins, hufungwa mara nyingi. Mlingoti wa chuma hushushwa, na magari yote hurudi mjini.

Mimi mwenyewe nililala Rawlins usiku mmoja kwa sababu hiyo, nikiwa pamoja na mwalimu mwenzangu. Vyumba vyote vilikuwa vimekwisha jaa, nasi tukapelekwa kwenye ukumbi mmoja, tukakuta madereva wa malori, na wazee wawili, na mama mwenye watoto watatu. Tulipewa supu na blanketi. Kisha akaja mzee mmoja mwenye kipande cha karatasi, akatuuliza majina yetu kila mtu, na tunakotoka, na tunakokwenda. Nilidhani ni kwa ajili ya malipo. Akaniambia, "La, ni kusudi nijue asubuhi kama nyote mmo." Katika dhoruba, alisema, mtu hutoka kidogo kwenda kutazama gari lake, asione njia ya kurudi. Jina langu lilimshinda kuliandika, nikamsaidia. Nilipolala sikufikiri tena juu ya upepo.

Mwili nao una shauri lake. Mtu atokaye pwani au nchi ya chini atashikwa na kichwa na kuhema siku za kwanza. Dawa yake ni kunywa maji mengi, kwenda pole pole, na kutopanda mlima siku ya kuwasili. Jua la huko ni kali ijapokuwa hewa ni ya baridi, na midomo hupasuka. Nguo zisiwe koti moja zito, bali nyingi nyepesi, moja juu ya moja, upate kuzivua na kuzivaa kwa kadiri ya saa. Wenye kupika wajue ya kuwa Laramie, iliyo juu mita 2,180 hivi, maji huchemka yapata digrii 93 tu; nilipika maharage tangu adhuhuri, yakaiva watu wamekwisha kata tamaa. Katika fedha, bei iandikwayo dukani si yote, maana kodi huongezwa wakati wa kulipa. Na katika nyumba za chakula mgeni hutazamiwa kumwachia mtumishi bakshishi ya sehemu 15 hata 20 katika mia. Matibabu ni ghali mno, na hospitali zi mbali; basi mtu asitoke kwao bila bima.

Wengi huenda Wyoming kwa ajili ya Yellowstone. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, iliyowekwa kwa sheria tarehe 1 Machi 1872. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 9,000, na sehemu iliyo kubwa imo Wyoming. Chini yake kuna moto wa volkano, na juu yake kuna mahali zaidi ya 10,000 ambapo maji ya moto, au mvuke, au matope hutokota. Chemchemi iitwayo Old Faithful hurusha maji juu kama mita 40 au zaidi, na kwa kawaida mtu hangoji sana zaidi ya saa moja u nusu kabla haijaruka tena. Katika majira ya baridi njia nyingi za ndani hufungwa kwa motokaa. Moja tu ya upande wa kaskazini hubaki wazi mwaka mzima.

Hapo pana hatari mbili ambazo sharti nizitaje wazi. Ya kwanza ni ardhi yenyewe. Udongo ulio kando ya chemchemi waweza kuwa mwembamba kama mkate, na chini yake maji ya kuunguza; watu zaidi ya ishirini wamekufa humo tangu zamani. Kwa hiyo njia za mbao zimejengwa, na atokaye nje yake anacheza na maisha yake. Ya pili ni wanyama. Nyati wa huko, waitwao baisoni, husimama kando ya njia kama ng'ombe waliofugwa, na mgeni hudhani ni wapole. Sivyo. Sheria yasema ukae mita 23 mbali nao, na mita 91 mbali na dubu na mbwa-mwitu. Sisi tuliozaliwa karibu na tembo na mbogo hatuna udhuru wa kutoielewa sheria hiyo.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa nchi hii ilikuwa tupu tangu mwanzo. Watu wamekaa katika nchi ya Yellowstone zaidi ya miaka 11,000. Washoshone, Waarapaho, Wacheyenne, Walakota na Wacrow walikuwa na njia zao, na mahali pao pa kuwinda, na majina ya kila mlima. Wazungu walipokuja kwa wingi, baisoni waliuawa karibu wote. Mwaka 1902 waliosalia ndani ya Yellowstone walikuwa kama ishirini na kitu tu, ijapokuwa sasa wameongezeka hata maelfu. Kwa mapatano ya mwaka 1868 Washoshone waliachiwa nchi ya Wind River, na mwaka 1878 Waarapaho wakaletwa kukaa huko pamoja nao. Mataifa hayo mawili yangali huko mpaka leo, na mgeni apitaye katika nchi yao aulize kwanza mahali anaporuhusiwa. Kadhalika ule mwamba mkubwa uitwao Devils Tower, uliowekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1906, ni mahali patakatifu kwa mataifa mengi ya wenyeji. Na katika mwezi wa Juni wapanda miamba huombwa wasiupande, kwa heshima yao. Nchi ikiwa na watu wachache, yatupasa kuuliza waliokuwako walikwenda wapi.

Wala sitaficha ya kuwa wageni pia waliteswa huko. Tarehe 2 Septemba 1885, katika mji wa Rock Springs, wachimbaji wa makaa ya mawe waliwashambulia wachimbaji wenzao Wachina, wakawaua 28 na kuzichoma nyumba zao. Tena wakati wa vita, kutoka 1942 hata 1945, watu wenye asili ya Japani, wengi wao wakiwa raia wa Marekani, walifungiwa chini ya mlima Heart Mountain, karibu na Cody. Walipokuwa wengi walipita 10,000, hata kambi yao ikawa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika Wyoming. Siku hizi pana nyumba ya ukumbusho, na msafiri asipite bila kuingia. Watu weusi katika jimbo lile ni wachache sana. Mimi nilitazamwa mara nyingi, nikaulizwa maswali mengi, lakini sikutukanwa. Nayasema haya kwa kuwa mzazi ana haki ya kuyajua yote mawili, mema na mabaya.

Na mema yako. Tarehe 10 Desemba 1869, Wyoming iliwapa wanawake haki ya kupiga kura na kushika kazi za serikali, kabla ya nchi nyingi kubwa kufikiri jambo hilo. Mwaka uliofuata, huko Laramie, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 69, jina lake Louisa Swain, alikwenda asubuhi kupiga kura yake. Na mwaka 1925 Nellie Tayloe Ross akawa gavana, wa kwanza mwanamke katika Marekani nzima. Wengine husema haki ile ilitolewa kwa sababu wanawake walikuwa wachache mno, na wakubwa walitaka kuwavuta waje. Yamkini ni kweli kwa sehemu. Lakini hata hivyo naona fundisho: mahali penye watu wachache, hasara ya kumdharau mmoja huonekana upesi.

Fundisho hilo niliona tena katika shule moja ya mashambani, ambayo walimu wenzangu walinichukua kuitazama. Ilikuwa chumba kimoja, mwalimu mmoja, na watoto sita wa madarasa mbalimbali. Mimi darasani kwangu nina watoto 70 na zaidi, na mtoto asipofika, mara nyingine yapita siku mbili kabla sijajua. Pale mtoto mmoja hakuwapo saa mbili asubuhi. Mwalimu hakuanza kusoma. Alipiga simu kwao. Akaambiwa gari limekwama katika theluji. Akampigia jirani mwenye trakta, naye akaenda kuwatoa. Kisha somo likaanza. Jirani yule alikuwa mbali kama maili kumi.

Ndipo nilipofahamu jinsi watu wa nchi ile wanavyoishi. Hawana wingi wa watu uwalindao. Walicho nacho ni kujuana na kungojana. Mtu akisema, "Nitafika saa kumi," basi kuna nyumba inayotazama saa. Asipofika, hawasemi, "Labda amelala kwa rafiki". Huwasha motokaa wakatoka kumtafuta. Njiani, wapishanao katika barabara isiyo na mtu huinua kidole juu ya usukani, wakasalimiana hali hawajuani. Akutaye gari lililosimama husimama naye, maana ajua huenda mwingine asipite mpaka usiku. Sisi twalindwa na wengi tusiowahesabu. Wao hulindwa na wachache waliohesabiana.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama hivi: Atakayejua ni yule ambaye mwanao amemwambia. Akikaa chumbani peke yake na simu yake, akiongea na sisi wa huku tu, akiugua usiku hatajua mtu, maana sisi tu mbali. Lakini wiki ya kwanza na ajulishe jina lake kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wake, kwa jirani wa chumba cha pili; ajifunze majina yao; na kila asafiripo, aseme aendako na saa ya kurudi, na akirudi aseme amerudi. Kwetu jambo hili laonekana kama kuwasumbua watu. Kwao ni adabu ya kwanza.

Basi, kwa kumalizia, afungashe nini aendaye nchi ile? Nguo nyingi nyepesi, na viatu vya kuzuia maji. Karatasi za bima. Ramani ya karatasi, maana simu hukosa mawimbi maili nyingi. Maji ya kunywa, na chakula cha siku moja zaidi ya safari. Blanketi na kurunzi ndani ya motokaa katika majira ya baridi. Nambari 511 ya kuulizia hali ya barabara, na 911 ya kuomba msaada. Akizuiwa njiani, angoje. Mwenda pole hajikwai. Na kwenye kipande cha karatasi, ndani ya mfuko wa koti, aandike jina la mtu mmoja wa nchi ile ile anayemngojea jioni hiyo. Kama hana jina la kuandika, asitoke kwanza. Na abishe hodi nyumba ya pili, aanze kusalimu.